Filta Mpya ya Bilha

Bilha alisikika kabla ya kuonekana. Sauti yake iliruka uwanja wa stesheni ya polisi ya Lodwar ikamkuta Inspekta Mureithi ndiyo kwanza ameinua kikombe cha chai. Nyuma ya sauti akaja Bilha mwenyewe, kitambaa cha kichwa kimemlegea, na nyuma ya Bilha ikaja pikapu yake ya dizeli, ikisukumwa na wanaume waliokuwa wakicheka.

"Afande, niambie kama hii ni haki! Imezima tena! Hata sokoni haikufika. Nataka huyo mwizi apande lori la Kitale leo hii hii, akamweleze hakimu!"

"Kaa kwanza, Mama. Chai?"

"Chai ya nini? Nimekuja kunywa chai hapa?"

Mwizi anayetajwa alikuwa selo tangu jana jioni. Jina lake Ekwam, fundi wa magari, kijana wa mikono mirefu na kicheko cha karibu. Bilha, mfanyabiashara wa samaki wakavu na mahindi, alikuwa amechoka na filta ndogo ya pikapu yake, akanunua kubwa ya kisasa huko Kitale, akampa Ekwam aifunge. Ekwam akaifunga. Tangu hapo, kila safari ya pili au ya tatu gari linazima njiani kama punda aliyenuna. Bilha hakuwa na shaka hata kidogo: fundi ameuza matumbo ya filta mpya, ndani amejaza takataka. Lori la mahabusu wa kwenda Kitale lingeondoka adhuhuri.

Konstebo Lokeno akamvuta bosi wake pembeni.

"Afande, kuna neno. Leo ndiyo harusi ya huyu fundi. Kakuma. Ng'ombe dume amefungwa pale toka asubuhi, anamngoja. Bwana arusi asipomchoma mkuki kabla jua halijazama, wazee watasema huyu kijana hakumtaka binti yetu. Na hapo mambo yamekwisha."

"Na hilo unaniambia sasa?"

"Jana ulikuwa na hasira."

Mureithi akamtazama. Ni kweli, jana alikuwa na hasira. Landrova ya stesheni ilikuwa juu ya mawe wiki nzima, ikingoja vipuri. Akaweka kikombe chini. Mtu huyu wa Nyeri alikuwa na desturi moja iliyowachosha wenzake: hakuandika neno la kesi mpaka ashike kitu kwa mkono wake mwenyewe.

"Mlete fundi," akasema. "Na spana zake."

Ekwam akatoka selo akikunja macho kwa mwanga. Alipoiona pikapu akaisogelea moja kwa moja, akafungua boneti kama mtu aliyefika kwake, kisha akakumbuka yeye ni mahabusu. Akasimama wima.

"Endelea," Mureithi akasema. "Nionyeshe hiyo filta, nieleze kama unamweleza mtoto."

"Sawa, Afande. Ile ya zamani ni hii hapa, Mama hajaitupa." Akakiinua kijikopo kutoka sakafu ya pikapu. "Ndani ni kitambaa tu. Dizeli yetu inakuja kwa mapipa, iko na maji, iko na mchanga. Na mchanga ya Turkana si mchanga, ni unga. Inapita kwa hii kitambaa, inaenda kukula pampu. Sasa hii mpya iko na glasi chini. Maji na taka inakaa hapo, unaona kwa macho yako. Halafu juu kuna karatasi imekunjwa-kunjwa. Hapo hakuna kitu inapita."

"Hata dizeli haipiti!" Bilha akadakia.

Wanaume waliosukuma gari wakaangua kicheko. Ekwam naye akacheka, maana lilikuwa neno zuri.

"Fungua," Mureithi akaamuru.

Ekwam akalegeza boliti, akaitoa karatasi ndani ya kikopo chake. Mureithi akaipokea kwa mikono miwili, dizeli ikamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Akaigeuza. Muhuri wa kiwandani ulikuwepo, wino wake haujafifia. Akaomba boksi lililokuja nayo kutoka Kitale. Bilha alikuwa nalo, kwa kuwa Bilha hatupi kitu. Muhuri ule ule.

"Mama, hii ndiyo uliyonunua. Hakuna kilichouzwa."

Bilha akalipokonya boksi, akailinganisha mihuri mwenyewe.

"Basi ametia kitu ndani! Tazama hiyo uchafu!"

Hapo alisema kweli. Mikunjo yote ya ile karatasi ilikuwa imezibwa na utando mweupe mzito, kama ukoko wa maziwa yaliyolala. Haukuwa mchanga. Haukuwa maji. Ekwam mwenyewe akauchungulia, akatikisa kichwa.

"Hii sijui, Afande. Nimeosha mara mbili, inarudi. Wallahi sijui."

"Wewe Mkristo, wallahi ya nini?" Lokeno akamkemea.

Mureithi akachukua kijiko chake cha chai, akakwangua ule weupe, akauweka ndani ya kifuniko cha kopo, akashusha boneti na kukiacha juu yake, juani. Kisha akageuka.

"Dereva yuko wapi?"

Dereva alikuwa nyuma ya wanaume wote, na alikuwa amechagua mahali hapo makusudi. Shadrack aliitwa, mwembamba, kofia mbele ya macho, akipangusa mikono kwa kitambaa cheusi, ingawa mikono yenyewe ilikuwa mikavu.

"Mbona unatoka jasho na jua halijapanda?"

"Nina homa, Afande."

"Homa ya nini?"

Shadrack akamtazama Bilha, akalitazama tangi la gari, akatazama miguu yake. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia kwenye vidole vyake.

"Nafyonza kidogo," akasema. "Dizeli. Kwa mpira. Nampelekea mwenye kinu cha posho, ananipa unga. Kidogo tu, Mama."

"Yesu wangu!" Bilha akapiga kelele. "Shadrack! Na nimekununulia viatu Krismasi!"

"Vitu viwili tofauti, Mama," Mureithi akasema, akiinua mkono. "Huyo utamalizana naye nyumbani. Mwizi wa dizeli anatoa. Sisi tunamtafuta aliyetia."

Lokeno alikuwa ametumwa dukani, sasa akarudi na glasi ya dizeli iliyochotwa kwenye pipa la Bilha. Wakaiinua juani. Ilikuwa safi, rangi ya chai isiyo na maziwa, wala chini hapakutuama kitu. Pipa nalo likaachiliwa huru. Kwa hiyo ule weupe uliingia baada ya dizeli kufika kwenye tangi, na tangi lilikuwa na mdomo ubavuni, kifuniko cha kusokota tu, bila kufuli.

Ndipo mbwa wa stesheni alipojiingiza katika upelelezi.

Mbwa yule hakuwa na cheo wala adabu. Aliweka miguu ya mbele juu ya bampa, akanyoosha pua kuelekea kile kifuniko cha kopo, akalamba midomo yake. Kisha akapiga chafya ya dizeli, akashuka, akamwendea Shadrack, akakidaka kile kitambaa cheusi na kuanza kukivuta kwa nguvu zote. Shadrack akavuta huku, mbwa akavuta kule. Stesheni nzima ikashika mbavu.

Mureithi peke yake hakucheka. Alitazama ndani ya kifuniko. Jua lilikuwa limepanda, na ule weupe haukuwepo tena. Palikuwa na tone la mafuta maangavu linaloteleza.

"Mbwa hafuati dizeli," akasema. "Lete hicho kitambaa."

Akakinusa, akampa Lokeno. Lokeno hakuhitaji kunusa mara mbili.

"Mkia wa kondoo, Afande. Shahamu ya mkia. Hii hata mimi ningevutana nayo."

"Shadrack. Gari huzima wakati gani?"

"Asubuhi. Alfajiri, kukiwa na kaubaridi. Nikikaa nikiomba Mungu, jua likipanda, linawaka lenyewe. Nikajua ni maombi."

"Ni jua, ndugu yangu. Shahamu inaganda usiku, karatasi inaishika. Mchana inayeyuka, inapita." Mureithi akakikunjua kitambaa juu ya boneti. "Sasa niambie hiki kilipangusa nini."

Shadrack akakuna kichwa. Alisema kwamba wiki ile ile filta ilipofungwa, yeye na Ekwam walipeleka mizigo Kakuma: blanketi, tumbaku na shanga za wakwe. Gari aliliacha chini ya mgunga karibu na boma la hao wakwe, yeye akalala misheni. Asubuhi akakuta boneti yote imepakwa mafuta, inang'aa.

"Nilikasirika, Afande. Mafuta inashika vumbi! Nikapangusa yote. Nikagomba kidogo."

"Kidogo?"

"Sana."

"Ikapakwa tena? Boneti, nasema."

"Hata. Kila nikipeleka mahindi Kakuma nalaza gari pale pale, lakini haikurudia tena."

"Na gari likaanza kuzima lini?"

Shadrack akahesabu kwa vidole. "Safari iliyofuata," akasema polepole.

Mureithi akanywa chai yake iliyopoa, yote kwa mkupuo mmoja. "Huyo mpakaji wa nje hakuacha kazi," akasema. "Amehamia ndani."

"Si nimesema!" Bilha akaruka. "Kakuma! Kwa wakwe zake! Kikulacho ki nguoni mwako. Wamepanga na huyu fundi ili gari liharibike, kila siku niwe namlipa kutengeneza!"

Sasa hapo, ukweli usemwe, hoja ilikuwa na miguu. Ekwam alikuwa na watu Kakuma, alijua tangi lilipo, na kila gari linalozima ni kazi kwa fundi. Uso ukamsawijika. Akamtazama Mureithi, akalitazama jua.

"Afande, gari lenyewe ndilo la kunipeleka kwa harusi yangu. Nitaliua mimi?"

Swali halikuwa na jibu, na kwa sababu hiyo Mureithi alilipenda.

"Lori la Kitale liende zake," akasema. "Mshukiwa nampeleka mahali pa tukio."

"Kwa gari gani?" Lokeno akauliza. Wote wakaitazama Landrova ya serikali juu ya mawe, kisha wakageuka kuitazama pikapu.

Ekwam akaosha karatasi kwa dizeli safi, akamwaga maji yaliyokuwa ndani ya glasi, akafunga. Kisha akamwonyesha Mureithi kikono cha pampu ili asukume kwa kidole wakati yeye analegeza skrubu kutoa hewa. Inspekta akapampu mpaka kidole kikafa ganzi. Povu likatoka, likatoka, kisha likaja dizeli tupu. "Funga! Piga stata!" Injini ikakohoa, ikaguruma. Watu wakashangilia, na Bilha naye akapiga makofi kabla ya kukumbuka kwamba amekasirika.

"Pingu, Afande?" Lokeno akauliza.

"Za nini? Leo akitoroka atakimbilia wapi kama si Kakuma?"

Bilha akapanda mbele bila kualikwa. Gari lake haliendi popote bila yeye, akasema, na asiyetaka atembee.

Wakaenda, Shadrack kwenye usukani. Mchanga wa mito mikavu uliwameza hadi nusu gurudumu, wakatoka. Joto lilikuwa la kuchemsha yai, na pikapu ikaenda vizuri kama Mureithi alivyotabiri. Nyuma, Ekwam akaanza wimbo wa ng'ombe wake, mikono juu mfano wa pembe. Lokeno akampokea. Wimbo ule una kiitikio kitamu, na mtu hawezi kuusikia njia nzima akae kimya. Walipokaribia kuiona mikoma, ile mitende ya mwituni, kando ya mto Tarach, Bilha alikuwa akiitikia kwa sauti ya kwaya ya kanisani, madirisha wazi.

"Mama, si mshukiwa huyo?" Mureithi akamchokoza.

"Naimba, sijasamehe."

Boma la wakwe lilisikika kabla ya kufika: miguu ikipiga ardhi, kengele za shingoni, wanawake wakipokezana. Mureithi akaamuru gari lisimame pale pale linapoachwa siku zote, chini ya ule mgunga, nje kidogo ya boma. Akawapeleka wote nyuma ya vichaka vya msuaki, akiwemo bwana arusi.

"Afande, jua," Ekwam akanong'ona. Lilikuwa limekwishaanza kuteremka.

"Naliona. Kaa kimya. Kama mtu wetu anapenda hili gari kama ninavyofikiri, hatatuchelewesha."

Hakuwachelewesha. Mama mmoja akatoka bomani, shanga zimempanda mpaka kidevuni, ngozi imepakwa inang'aa, kibuyu kwapani. Alikuja akichezacheza mabega kwa wimbo. Ekwam akamshika Lokeno mkono.

"Nani huyo?" Mureithi akauliza.

"Mama ya Akal, bibi arusi," Lokeno akajibu. "Nabei. Mama mkwe wa fundi."

Nabei akalizunguka gari. Akaipapasa boneti kwa upande wa nje wa kiganja, kama anavyopapaswa ndama, lakini hakuipaka kitu. Akatazama huku, akatazama kule. Kisha akaenda ubavuni, akasokota kifuniko cha tangi kama mtu aliyezoea, akainamisha kibuyu. Mafuta ya kondoo, yameyeyuka vizuri kwa joto la mchana, yakaingia yote gluku-gluku, na yeye akisema nayo kwa upole.

"Anasema nini?" Mureithi akanong'ona.

Lokeno akatafsiri. "Anasema: shiba. Ulimletea mtoto wangu vitu vyake. Leo umemletea bwana wake. Usichoke njiani, usiumie miguu, urudi kwetu tena."

Bilha akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Mureithi akatoka kichakani akavaa kofia yake ya polisi sawasawa. "Ejok, Mama," akamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok-nooi," Nabei akajibu, wala hakushtuka. Kisha akamwona Ekwam, akaanza kufoka kwa Kiturkana, mkono ukionyesha jua.

"Anasema mmechelewa, ng'ombe amechoka kusimama," Lokeno akasema.

"Muulize kwa nini anatia mafuta ndani ya gari la watu."

Nabei alisikiliza swali, akamtazama Inspekta kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu mzima anayeuliza maji yana kazi gani. Jibu lake lilikuja refu, na Lokeno akalifuata nyuma.

"Anasema: kinacholeta heri nyumbani kinapakwa mafuta. Ng'ombe anapakwa, mgeni anapakwa, bibi arusi anapakwa. Gari hili lilifika hapa kwa mara ya kwanza na mzigo wote ule, na hakuna kati yenu aliyelipaka hata tone. Akaona aibu. Akalipaka usoni. Asubuhi huyu hapa," na kidole cha Nabei kikamwelekea Shadrack, "akaja na kitambaa chake, akafuta baraka yote, na matusi juu. Akasema, sawa. Nitaiweka tumboni, mahali kitambaa chake hakifiki."

Bilha ndiye aliyeanza kucheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikapanda, kikamshika mpaka akaegemea gari lake na machozi yakamtoka.

"Lo! Yaani nimemfungisha mtu kwa ajili ya baraka!" Akajifuta macho. Halafu, maana biashara haimtoki mtu, akageuka. "Ekwam. Ingekuwa ile filta yangu ya zamani?"

"Ingepita, Mama. Ile kitambaa haiwezi kushika hii. Ingeenda mpaka kwa pampu, mpaka kwa nozeli. Saa hii ungekuwa unatafuta injini."

"Kumbe ilikuwa inazima kwa kunilinda, na mimi naitukana." Akamshika Ekwam mabega yote mawili. "Mwanangu, nimekukosea. Nimekukosea sana. Nisamehe."

"Shtaka bado lipo, Mama?" Mureithi akauliza.

"Shtaka la nini? Fungua mtu aende!"

"Hajafungwa."

"Basi mbona amesimama? Wewe! Kimbia!"

Ekwam akakimbia. Mikono ikampokea langoni, ngozi ya chui ikatupwa begani, mkuki ukatiwa mkononi. Jua lilikuwa limegusa ncha za mikoma alipomwendea yule dume, na hakuhitaji pigo la pili. Boma likalipuka. Akal akatolewa nje na mama zake, mwekundu kwa mafuta na udongo kutoka utosini, akijaribu kutotabasamu na kushindwa kabisa. Kigelegele kirefu kuliko vyote kilitoka kwa mwanamke aliyefika pale kama mlalamikaji.

Ekwam, mkuki bado mkononi, akakumbuka tangi. Akaanza kulielekea gari. Nabei akamzuia kwa kibuyu kifuani: bwana arusi hashiki spana leo.

Kwa hiyo ni Inspekta Mureithi aliyelala chali chini ya pikapu pamoja na Shadrack, wakafungua skrubu ya tangi, na dizeli iliyochanganyika na mkia wa kondoo ikawa inatiririka ndani ya beseni wakati wenzao wanacheza. Shadrack hakulalamika. Alikuwa anajua kwamba kuhusu ule mpira wake Bilha bado hajasema neno la mwisho.

Huko juu Bilha na Nabei walikuwa wakipatana, Lokeno katikati. Nje, Mama, paka utakavyo. Boneti, milango, hata magurudumu. Hakuna atakayefuta, na akifuta ataniona mimi. Tumboni tu ndiyo hapana. Nabei akafikiri, akakubali, akakamua kibuyu. Akaipaka boneti mpaka ikaakisi mawingu.

Kilikuwa kimebaki kiganja kimoja cha mafuta wakati Mureithi alipotambaa kutoka chini ya gari, uso vumbi tupu. Nabei akamtazama. Huyu ndiye aliyemleta mkwe. Akamwendea, na kabla Inspekta hajajua la kufanya, akampaka kuanzia beji ya kofia, akashuka kipajini, puani, mpaka kidevuni, akisema maneno yake kwa upole.

Mafuta yakaanza kumtiririka shingoni, yakaingia kwenye kola ya serikali. Shadrack, kwa mazoea tu, akainua kitambaa.

"Thubutu uone," Inspekta akamwambia.